Disketi Iliyofukizwa Udi

Mimi na dada yangu huandikiana kwa kompyuta. Nikisema hivyo watu hunistahi. Nikiongeza kwamba barua zetu husafiri kwa boti, ndani ya kopo la biskuti, heshima yote huyeyuka na mtu huniuliza kama sijasikia habari za simu. Nimesikia. Simu ninayo, bando ninalo, na sina subira na mtu anayetaka kunifundisha dunia ilipofika. Kwa hiyo naeleza mara hii moja, kwa urefu, ili nisiulizwe tena.

Nilifundisha taipu, na baadaye kompyuta, hapa Amu, Lamu ya kwenye ramani, katika chumba cha chini cha nyumba yetu, mpaka wasichana walipoanza kuja darasani wakijua zaidi ya nilivyojua mimi. Nikafunga. Zikabaki mashine mbili za kizamani, za aina moja, skrini nyeusi na maandishi ya kijani makubwa makubwa, mashine zisizojua mtandao ni kitu gani. Moja niliibakisha kwangu. Ya pili nilimpelekea dada yangu Chundwa, kule Pate alikoolewa. Aliipokea kwa kunionea haya tu. Akaifunika kitambaa cha kufuma, akaweka juu yake chupa ya marashi, ikawa pambo la nyumba kwa miaka.

Dada yangu hakuwa na haja ya kuandika, kwa sababu alikuwa na sauti. Kwenye arusi zetu, wanawake wa pande mbili wanapokaa na kujibizana kwa mashairi, yeye ndiye aliyekuwa akiitwa, Pate nzima na Amu pia. Alitunga papo hapo, amesimama, mkono mmoja kiunoni, na upande wa pili ukianza kutafuta jibu yeye alikuwa ameshakaa anakunywa kahawa. Mimi ambaye nikiimba hata paka hutoka chumbani, kazi yangu ilikuwa kunakili na kwenda kupiga taipu. Nyumbani walituita Sauti na Vidole. Sikuona vibaya, maana vidole vyangu vilikuwa hodari.

Kisha koo likamuuma, likazidi, akapelekwa Mombasa akapasuliwa. Alirudi na uhai wake, alhamdulillahi, na tundu dogo shingoni la kuvutia pumzi. Sauti haikurudi naye. Macho nayo yalikuwa yameshadhoofu kwa sukari, herufi za simu kwake ni sisimizi tu wanaotembea. Nilipokwenda kumtazama alikaa pembeni ya kitanda, ananiangalia, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake: alikuwa ameacha hata kujaribu kuniambia jambo. Niliogopa zaidi ya nilivyoogopa siku ya upasuaji.

Ndipo nikaitoa ile chupa ya marashi na kile kitambaa, nikaiwasha mashine. Aliyaona maandishi ya kijani bila miwani. Akakaa, akaweka vidole, na neno la kwanza aliloandika lilikuwa tusi, la kunitania kwa kumweka bubu muda wote huo na dawa iko sebuleni. Nilicheka mpaka nikalia.

Tangu hapo ndivyo tunavyofanya. Mtu huandika barua zake, akimaliza mashine huzimimina zote kwenye disketi, kile kibamba cha plastiki cha upana wa kiganja chenye utando mweusi ndani yake. Disketi huingia kwenye kopo, kopo hupanda pikipiki mpaka Mtangawanda, pale hupakiwa botini, na mimi hulipokea hapa gatini. Naitia kwenye mashine yangu, inakoroma kidogo, kisha yanatokea maandishi niliyoyapanga mwenyewe zamani za darasa: UNA BARUA. Jibu langu hurudi kwa boti nyingine. Sijui furaha ya watu wa simu, lakini barua niliyoingoja mpaka boti ifunge kamba, naisoma mara tatu.

Sasa arusi. Binti mdogo wa dada yangu alikuwa akikaa kwangu kwa ajili ya kazi, akaposwa na kijana wa hapa mjini, wa watu wenye majumba. Kijana mwenyewe hana kasoro. Kasoro ilikuwa shangazi yake, mwanamke mwenye ulimi, mtunzi kweli kweli, tena mtunzi anayejua kuwa ni mtunzi. Siku chache kabla ya kupamba, ile shughuli ya wanawake ya kumtazama mwali aliyepambwa, alirekodi shairi lake na kulituma kwenye kundi la simu la wanawake, Amu nzima ikalisikia kabla chai haijapoa. Alimsifu bibi arusi kwa uzuri, akatutania sisi watu wa Pate kwa harufu ya samaki na udongo wa shamba, mambo ya kawaida ya arusi, hayo tunayapokea kwa kicheko. Lakini beti ya mwisho akasema kwamba mwali ameletwa kama mzigo usio na anwani, upande wake wote kimya, hakuna hata mama wa kumnenea.

Alijua. Hakuna asiyejua kilichompata dada yangu. Nilitaka nimfuate nyumbani kwake na kiatu mkononi, na bibi arusi ndiye aliyenishika buibui mlangoni.

"Mama mdogo, ukenda wewe kupijana, wao watateka, tuwe kichekesho chao," aliniambia huku akilia. "Nataka ajibiwe. Lakini ni nani wa kumjibu?"

Hilo ndilo lililotuuma. Kwetu shairi la arusi hujibiwa siku ya kupamba, mbele ya masikio yale yale, kwa vina vile vile na mizani ile ile. Usipojibu, umekubali. Bibi arusi angeingia nyumba ya watu akiwa ni yule aliyeletwa kimya kimya, na angeitwa hivyo mpaka awe na wajukuu. Na mama yake hakuweza kuja. Daktari alimkataza bahari mpaka kidonda kifunge vizuri, maana boti zetu zikiingia mkondoni humrushia abiria maji ya chumvi, na tundu la shingoni halitaki hata tone.

Nikamwandikia dada yangu. Nilimnakilia lile shairi lote, hata beti ya mwisho, kwa sababu najua hapendi kufichwa. Jibu lake lilikuja kwa boti iliyofuata, mstari mmoja: "Nitajibu mimi, utasoma wewe."

Mimi nisome mbele ya wanawake wa Amu! Lakini sikuthubutu kumkatalia, yeye aliyekubali kuandika.

Najua utaniuliza mbona asipige picha skrini, jirani akaituma kwa simu. Dada yangu alikataa, na alikuwa na haki. Kitu kikiingia kwenye simu moja Chundwa, saa hiyo hiyo kimeshafika Faza, Siyu na nyuma ya mgongo wako. Shairi la kujibu likisikika mapema limepoa, na yule shangazi angekuja amelinoa jibu la jibu. Karatasi pia hatuiamini. Arusi moja ya zamani bahasha ilifunguliwa botini kwa mvuke wa birika, na tulipofika gatini wapagazi walikuwa wanaimba beti zetu. Disketi haifunguliwi na birika. Katika visiwa hivi ni mashine mbili tu ziwezazo kuisoma, na zote ni zetu.

Ikaja, ndani ya sanduku la nguo za bibi arusi. Nilifungua kifuniko, nyumba nzima ikanukia udi, kama inavyotakiwa. Nikaichukua disketi katikati ya leso, nikaitia mashineni. Badala ya kukoroma, mashine ilikwaruza. Ikakwaruza tena. Kisha ikaandika kuwa haioni kitu.

Nikajaribu mpaka bibi arusi akaniomba niache. Nikachukua disketi nyingine, nikaandika haraka: haisomeki, leta tena. Nikaituma kwa boti ya kurudi na nikakaa nikihesabu maji kupwa na kujaa. Asubuhi yenyewe ya kupamba nilikuwa gatini mapema kuliko wauza samaki. Nahodha alinikabidhi kopo kwa mikono miwili.

"Bi mwalimu, dadako ameniapiza kwa mikono nisiliweke hili kopo karibu na injini," akasema. "Nimelipakata ndia yote. Lakini mbona lanuka kama nyumba ya kuaguwa?"

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Mtu wa makamo yangu hakimbii Amu, na punda wawili walinipisha. Nikaitia disketi mashineni. Mashine ikakwaruza vile vile, ikasema haioni kitu. Nikatia disketi yangu ya zamani niliyoijua kuwa nzima. Hiyo nayo ikakwaruza. Basi sasa hata mashine ilikuwa imeharibika, na boti ya pili kutoka Pate isingefika kabla ya Magharibi. Wageni walikuwa wanakuja baada ya Alasiri. Nilikaa chini sakafuni nikaona aibu ya dada yangu iko mlangoni, inavua viatu.

Kopo lilikuwa wazi mapajani mwangu, na ndipo maneno ya nahodha yakanirudia. Hakika, lilinuka. Si udi tu, na ubani pia, ule wa kufukuzia jicho baya. Nikalisukuma kando lile bati dogo linalofunika utando wa disketi, nikauona, uliopasa kuwa mweusi na kung'aa umefunikwa ukungu wa rangi ya hudhurungi, unanata kidoleni.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Kitu cha bibi arusi hakitoki nyumbani bila kufukizwa. Nguo zake, leso zake, hata kitana. Dada yangu alikuwa ameiweka disketi juu ya chetezo pamoja na nguo, bati lake wazi, moshi uingie vizuri, kwa sababu ile haikuwa barua ya kawaida, ilikuwa zawadi ya mwanawe. Nami nilipomwambia haisomeki, alifikiri nini? Hasadi. Akalimimina shairi kwenye disketi mpya, akaifukiza hiyo nayo, mara hii kwa ubani pia, na kwa muda mrefu zaidi. Mapenzi yake yote yalikuwa yameganda juu ya utando ule, na masizi yamehamia mpaka kwenye kichwa cha kusomea cha mashine yangu.

Nikaanza kucheka. Bibi arusi, mikono yake imejaa hina mbichi, alitokea mlangoni akidhani nimerukwa na akili.

"Lete maji ya uvuguvugu," nikamwambia. Akaniinulia mikono yake. Nikaenda mwenyewe.

Kichwa cha mashine nilikisafisha kwanza, kwa pamba na spiriti, mpaka pamba ikatoka nyeupe. Kisha nikaifungua disketi kwa kisu cha kupakia siagi, nikautoa utando. Ni kitu chepesi, ukikikunja umekwisha. Niliuosha kwenye bakuli la uji, kwa tone la sabuni ya vyombo, nikizungusha kwa ncha za vidole huku nasoma kila sura ninayoijua. Maji yakageuka rangi ya chai. Nikayabadilisha. Nikaukausha kwa kipande cha buibui langu kuukuu, ambalo kwa ulaini halina mfano, nikauvika ganda la disketi nyingine. Miaka yote niliambiwa vidole vyangu vimepitwa na wakati. Siku hiyo havikutetemeka hata kidogo.

Nikaitia. Mashine ikakaa kimya, kimya cha kuniua. Kisha ikakoroma, ule ukoromaji wake wa usingizi mzuri, na herufi za kijani zikatokea: UNA BARUA. Nilipiga kelele ambayo jirani alidhani bwana arusi amekuja mapema.

Nililisoma mara moja kwa macho na nikajua tumeshinda. Tatizo lililobaki lilikuwa mimi.

Baada ya Alasiri ukumbi ulijaa. Bibi arusi alikaa juu, amepambwa, uso umetulia lakini niliona kidole chake kinachezea pindo. Shangazi wa bwana arusi alikuwa mstari wa mbele, kikuba cha asumini kifuani, anatabasamu na kila mtu. Niliweka simu yangu juu ya mto, nimempigia jirani wa Chundwa, naye ameiweka yake mbele ya dada yangu. Nikasimama. Watu wakaguna, kwa sababu wananijua ninavyoimba.

Sikuimba, nilisema. Nilisema zile beti kama nilivyozoea kuwasomea wanafunzi imla, neno baada ya neno, na kwa woga wangu nikazikimbiza. Beti ya kwanza ilimsifu shangazi kwa utunzi wake, watu wakastarehe. Ya pili ikapokea harufu ya samaki na kuuliza ni nani Amu aliyewahi kula bila Pate kuvua, wakacheka. Ya tatu ikamtania shangazi mwenyewe, na humo sitaingia, maana bado anaishi mtaa wetu. Ya nne ilikuwa wasia kwa bibi arusi, na wazee wakaanza kujifuta macho kwa ncha za leso. Kisha hii:

Sauti itukuliwe, maneno yangu yasaa,
Mwanangu na apokewe, kwa heshima na kwa taa,
Na shangazi aambiwe, ya kuwa sikunyamaa,
Mkono niatiliwe, wanena bila kukaa.

Hata asiyejua Kiamu alielewa: sauti imechukuliwa, maneno yamesalia, na mkono alioachiwa unanena. Halafu kutoka kwenye ile simu juu ya mto ikasikika ngo, ngo, ngo, chuma juu ya bati. Nilijua ni nini. Ni pete ya dada yangu juu ya kifuniko cha mashine. Alikuwa anatujulisha kwamba yupo.

Vigelegele vilivyopasuka hapo sijapata kuvisikia. Wanawake walisimama, wa upande wetu na wa upande wao, bibi arusi alicheka na kulia na kuharibu wanja wote, na mimi nilisimama katikati yao nikijiona mrefu kuliko mnara wa msikiti. Sioni haya kusema kwamba nilijivuna. Nilijivunia dada yangu, na udi wake, na bakuli langu la uji.

Shangazi wa bwana arusi aliinuka mwisho. Nilijiweka tayari. Akanijia, akakitoa kikuba chake kifuani, nami nikanyoosha mkono.

"Hichi si chako, Bi mwalimu," akasema, akainama akakiweka juu ya simu. "Bi, wanisikia? Nimekosa. Mwanao nimempokea kwa heshima na kwa taa."

Pete ikagonga mara moja.

Kile kikuba nilikituma Chundwa kesho yake, nimekifunga mbali kabisa na disketi. Kopo lilirudi na boti ya jioni. Ndani yake mlikuwa na disketi iliyozongwa plastiki juu ya plastiki, haina harufu ya chochote, na kando yake, kwenye kichupa kilichofungwa kwa utepe, udi wa kunifukizia mimi. Nikawasha mashine nikitegemea shukrani. Barua ilisema hivi:

"Beti ya nne umekwenda mbio. Mimi siendi mbio. Beti ya tano umeshuka pale pa kupanda. Yumaa iyao ndoo Tundwa nikufunde, sauti yangu sasa ni hiyo yako, na siitaki mbovu."

Ijumaa hiyo nilikwenda Chundwa. Aliniketisha mbele yake, akanionyesha kwa kidole nianze, na kila nilipokimbia aligonga bati kwa pete yake nirudi mwanzo. Tulirudi mwanzo siku nzima.